Kukata Pori: Ni Baraka ao ni Zambi?

 

Siku moja, nyuma ya ibada, mama mmoja mjane alikuja mbele ya wazee wa kanisa na swali. Mama huyu anauza makala. Kwa makala analipa masomo ya watoto wake wanne, kwa makala analipa nyumba, na katika feza ya makala anatoa sadaka yake kila juma. Alikuwa amemsikia mhubiri mmoja akisema kwamba kila mtu anayeharibu pori ni adui wa Mungu. Basi akatuuliza: "Wazee, kama ni vile, sadaka yangu inakwenda wapi? Mungu anaipokea, ao ninajisumbua bure?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwambia: "Mama, utupe wakati." Kusema kweli, swali lake ni gumu kupita vile linavyoonekana. Mtu akijibu upesi "hakuna neno, mama, uza tu", anawadanganya watoto watakaokuja. Na mtu akijibu upesi "ni zambi", anamnyanganya mjane sufuria yake na hampi kitu kingine. Tumefungua Maandiko, tumetazama milima yetu, tumejitazama na sisi wenyewe. Haya tunayoandika ni jibu letu kwake, na kwa kila mkristu mwenye panga, shoka ao mbabula nyumbani mwake.

1. FAIDA: MTI NI CHAKULA, NI NYUMBA, NI KANISA

Tuanze na faida. Watu wengi wanaosema juu ya pori wanazisahau, na mara nyingi wanaosahau ni wale waliokwisha kula.

Babu zetu walifyeka pori ili waishi. Pahali palipokuwa miti na nyoka, pakawa mihogo, mahindi, maharagi na ndizi. Majivu ya miti iliyochomwa yanatia nguvu udongo, na mavuno ya kwanza yanafurahisha moyo. Bila panga na shoka hakuna kijiji, hakuna barabara, hakuna masomo, hakuna hospitali. Hata pahali unapoketi wakati unasoma karatasi hii, mtu fulani alipafyeka zamani.

Tazameni mji wa Goma. Umejengwa juu ya mawe ya volkano, na pahali pengi kuchimba msingi ni kazi ngumu sana. Ndiyo sababu watu wengi wanajenga nyumba za mbao. Tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji, watu maelfu na maelfu walibaki bila nyumba. Waliporudi juu ya mawe yenye moto bado, walijenga na nini? Na mbao. Mti uliwasitiri.

Tazameni tena chukudu, inayobeba viazi, ndizi na maji toka milimani mpaka sokoni. Imechongwa katika mti, na jamaa ngapi zinakula kwa ajili yake! Na jioni, mama akiweka maharagi juu ya moto, ni makala yanayoyaivisha. Nyumba nyingi hazijapata umeme, na hata zile zenye umeme, nyingi bado zinapika na makala, sababu mashini ya kupikia inagombana na mfuko wa masikini.

Maandiko nayo hayamhukumu mwenye kukata mti. Noa alikata miti, na kwa miti ile Mungu aliokoa watu na wanyama. Sulemani alipojenga nyumba ya Mungu, aliomba mierezi ya Libano kwa mfalme Hiramu, akamlipa ngano na mafuta. Wana wa Yosefu walipolalamika kwamba udongo wao hauwatoshi, Yoshua aliwaambia wapande mlimani, wafyeke mwitu, wajipatie pahali. Na Bwana wetu Yesu Kristo alikulia katika nyumba ya seremala. Tangu utoto alijua sauti ya msumeno na harufu ya mbao.

Basi, anayesema kwamba kila shoka ni zambi, huyo anasema kitu ambacho Maandiko hayasemi.

2. HASARA: KILIMA KISICHO NA NGUO

Lakini tusiishie hapo. Mtu anayehesabu mapato tu na hahesabu matumizi, biashara yake itakufa.

Hasara ya kwanza ni udongo wenyewe. Wakati mvua inapiga juu ya pori, majani yanaipokea na kuivunja nguvu, majani makavu ya chini yanaikunywa kama sifongo, na mizizi inashika udongo kama vidole. Ukiondoa hayo yote, kilima kinabaki uchi. Maji hayapati muda wa kuingia ndani. Yanakimbia juu, na yakikimbia yanachukua udongo mweusi, ule unaolisha. Kila mkulima wa Masisi ao wa Kalehe amekwisha kuona mto ukiwa na rangi ya kahawa nyuma ya mvua. Ile rangi ni shamba la mtu linalokwenda ziwani.

Hapa Kivu, karibu na volkano, Mungu alitupa udongo wenye nguvu sana, nasi tumezoea kufikiri kwamba kila udongo uko vile. Sivyo. Katika pori kubwa la upande wa Walikale mpaka Kisangani, nguvu nyingi ziko katika miti yenyewe na katika majani yanayooza chini yake, si ndani ya udongo. Ukichoma miti ile, unavuna vizuri mwaka moja, miaka miwili, kisha udongo unachoka, nawe unahama kukata pahali pengine. Babu zetu walijua hayo, wakaacha shamba lipumzike miaka mingi mpaka pori lirudi. Leo sisi ni wengi, tena vita vimetusonga pamoja, na shamba halipati tena usingizi.

Hasara ya pili ni kuni na makala. Katika tanuru la udongo lile tunalolijua, kilo 100 za miti mikavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Nyingine zote zinakwenda katika moshi. Mfuko moja unaouona juu ya chukudu ulikuwa miti mingi. Na mji unataka mifuko mingapi kila siku?

Tumeona kwa macho yetu. Parke ya Virunga iliwekwa katika 1925, ya kwanza katika Afrika yote, na katika 1979 UNESCO iliiandika kati ya mali ya dunia nzima. Katika mwezi wa 7 wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa wingi ambao hatukuwa tumeona maishani mwetu. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zilikaa pembeni ya pori. Watu wale walikuwa na njaa, kipindupindu kilikuwa kinawaua, walihitaji kupika na kuota moto. Walikata. Pande nzima za pori ziliisha, na mwaka uleule UNESCO iliiweka parke katika orodha ya mali zilizo hatarini. Kisha vita vyetu wenyewe viliendelea, na ndugu zetu waliokimbia vijiji vyao, wakiwa chini ya shitingi pembeni ya Goma, nao walikata. Nani atamhukumu mama anayetafuta kuni tatu ili apikie mtoto? Sisi hatumhukumu. Lakini mti haujui kwamba aliyeukata alikuwa na haki ya kulia. Umeanguka, na kilima kimebaki uchi.

Hasara ya tatu tunaiandika na machozi. Siku ya Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mvua kubwa ilinyesha katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ilitoka katika njia zake, milima ikaporomoka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Wengine walisema upesi kwamba ni azabu ya Mungu juu ya watu wa pahali pale. Wapendwa, tusiseme hivyo. Watu walipomwambia Bwana Yesu habari mbaya namna hiyo, yeye mwenyewe aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba wao walikuwa wenye zambi kupita watu wote wa Yerusalema. Waliokufa Nyamukubi hawakuwa wabaya kuliko sisi. Vilevile hatusemi kwamba miti peke yake ingezuia mvua yote ile, maana ilikuwa kubwa mno. Lakini tunajua kwamba kilima kilichovaa miti kinashikilia udongo vizuri kuliko kilima uchi, na tunajua kwamba milima ile ilikuwa imevuliwa nguo zake miaka na miaka. Pengine mtu aliyekata mti kule juu hakuishi chini. Na mtoto aliyezikwa chini hakuwa ameshika shoka hata siku moja.

3. NANI ANAKULA FAIDA, NANI ANABEBA HASARA?

Hapa tunafika katika moyo wa swali. Watu wanaweka faida upande moja na hasara upande mwingine, kama vitu juu ya mizani, wanauliza upande gani ni mzito. Mizani hiyo ingekuwa sawa kama faida na hasara zingemfikia mtu moja. Lakini mara nyingi faida inakwenda kwa huyu leo, na hasara inakwenda kwa yule kesho.

Tunapaswa kuungama jambo letu wenyewe. Miaka iliyopita, katika parokia yetu moja ya mlimani, tulitaka kujenga nyumba ya Mungu na matofali ya kuchoma. Matofali ya kuchoma yanataka kuni nyingi. Tanuru linawaka usiku na mchana. Wazee walikaa, wakashauriana, wakakubaliana kukata miti ya kilima kilicho juu ya chemchem. Kila mtu alifurahi. Vijana waliimba wakati walipobeba magogo. Nyumba ilisimama, nasi tunasali ndani yake mpaka leo.

Nyuma ya ujenzi tulisema: tumekata, basi tupande. Tukapanda mikaratusi, maana inakua upesi na inaleta feza. Tukaipanda mpaka kando ya chemchem, bila kukumbuka kwamba mkaratusi unakunywa maji mengi. Miaka ikapita. Kiangazi kimoja chemchem ilianza kutoa maji kidogo kidogo, kama machozi ya mzee. Wamama na wasichana wakaanza kuamka saa kumi za usiku, kushuka mpaka mto ulioko chini kabisa, na kupanda tena na bidoni mgongoni. Wasichana wengine walichelewa masomoni kila siku. Wengine waliacha masomo.

Wapendwa, munaona? Katika kikao kile cha wazee, hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa. Sisi tulipata nyumba, wao walipata safari. Hatukuiba, hatukulewa, hatukusema uongo. Tulikuwa tunafanya kazi ya Mungu! Lakini tulimbebesha mwingine mzigo, bila kumwuliza, na bila kugeuka nyuma kumtazama.

Tulipofahamu, tulikata mikaratusi yote iliyokuwa karibu na chemchem. Ndiyo, tulikata miti tena, na kukata kule kulikuwa tendo jema kuliko kupanda kule. Pahali pake tulipanda miti ya kwetu. Nusu ilikufa, sababu mwaka wa kwanza mbuzi waliila. Tukapanda tena, mara hii na ua. Maji yamerudi kidogo, si kama zamani. Wasichana walioacha masomo hawakurudi wote.

Ndiyo sababu tunasema: zambi haiko ndani ya mti, wala haiko ndani ya shoka. Iko kati ya mtu na jirani yake. Mungu alipomweka Adamu katika shamba la Edeni alimpa kazi mbili, kulilima na kulilinda. Anayelima bila kulinda anamwibia atakayekuja nyuma yake.

Lakini tuseme na upande mwingine, kwa maana haki haina upendeleo. Anayekata anaweza kumbebesha mwingine mzigo. Na anayekataza kukata anaweza vilevile. Pori la Kongo ni la pili katika dunia nyuma ya lile la Amazoni, na sehemu kubwa zaidi iko katika inchi yetu. Katika 2017 wenye elimu walionyesha kwamba chini ya mabwawa ya katikati ya Kongo, katika inchi zote mbili zenye jina hilo, kuna udongo wa majani yaliyooza unaoshika kaboni tani karibu miliari 30. Ukikauka na kuungua, hewa ya dunia yote itazidi kuharibika. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini inchi zinazotuambia "musikate" zilikata mapori yao zamani, zikajenga viwanda na miji, na leo zinataka masikini wa Kongo alinde hewa yao akiwa na tumbo tupu. Huo nao ni mzigo unaowekwa juu ya mgongo wa mwingine.

Hata karibu na sisi ni vile. Vijiji vingi pembeni ya Virunga vinasema kwamba udongo ule ulikuwa wa babu zao mbele ya parke kuwekwa. Wanatazama udongo mzuri ng'ambo ya mpaka, na watoto wao wana njaa. Ng'ambo ile kuna mlinzi wa parke, naye ni mtoto wa Kongo, ana mke na watoto. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika kulinda pori lile. Kila mmoja wao aliacha nyumba yenye kilio. Na kati ya mkulima na mlinzi anapita mtu mwenye bunduki, anayetoza watu wa makala njiani. Mwenye kuchoma tanuru anabaki na moshi machoni na franka kidogo mkononi. Feza nyingine inabaki katika vizuizi. Masikini wawili wanagombana, na faida ya pori inakwenda kwa wengine.

4. SHOKA LA KUAZIMA

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, kuna habari fupi ambayo watu wengi wanaisoma kwa ajili ya muujiza wake tu. Wana wa manabii walimwambia Elisha kwamba pahali wanapokaa pamekuwa padogo. Wakamwomba ruhusa ya kwenda Yordani kukata miti, ili wajijengee pahali pa kukaa. Nabii akakubali, hata akafuatana nao. Sisi tunaojiita kanisa la manabii tutazame vizuri: nabii wa Mungu alikwenda porini pamoja na wakata miti, wala hakuwagombeza.

Mmoja wao alipokuwa akikata mti, chuma cha shoka kikachomoka, kikaanguka ndani ya maji. Mtu yule akalia. Alilia kwa nini? Kazi ingeweza kuendelea, wenzake walikuwa na mashoka. Alilia kwa sababu shoka lile lilikuwa la kuazima. Alijua kwamba jioni mwenye shoka atangoja pale mlangoni, naye hatakuwa na kitu cha kurudisha.

Wapendwa, hicho ndicho kilio tunachokikosa leo. Miti inaanguka na hakuna anayelia, sababu kila mtu anafikiri kwamba shoka ni lake na pori ni lake. Nani mwenye pori? Leta inasema ni yake: sheria ya 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Leta, na sheria ya pori ya 2002 inasema vilevile juu ya pori. Mwami anasema ni lake. Babu zetu wanasema waliliacha kwa watoto wao. Sisi waamini tunasema ni la Mungu. Katika majibu hayo yote hakuna hata moja linalosema: ni langu mimi peke yangu, nifanye vile ninavyotaka. Kila mmoja wetu anakata na shoka la kuazima. Tumeliazima kwa Mungu, tumeliazima kwa waliotutangulia, na zaidi tumeliazima kwa watoto ambao hawajazaliwa. Hao hawawezi kuja kikaoni kulidai, kama vile wale wasichana wa chemchem yetu hawakuitwa kikaoni.

Torati nayo inakataza askari wanaozunguka mji kwa vita wasikate miti inayozaa chakula. Fikirini jambo hilo: hata katika vita, hata mbele ya adui, Mungu aliweka mpaka kwa shoka. Aliruhusu miti mingine ikatwe, akaokoa ile inayolisha. Hakusema "musikate hata moja", hakusema "kateni yote". Alitaka askari mwenye shoka asimame kwanza, autazame mti, aufahamu. Na Libano, kulikotoka mierezi ya Sulemani? Wafalme wengi walikuja nyuma yake kukata, na leo mierezi ile imebaki michache, inalindwa kama wazee wa mwisho wa ukoo.

5. JIBU LETU KWA MAMA YETU

Sasa, mama yetu mpendwa, tunakujibu mbele ya kanisa lote.

Sadaka yako inapokelewa. Umeipata kwa jasho, wala haukumnyanganya mtu. Bwana aliyemsifu mjane wa vipande viwili vya feza hataitupa yako kwa sababu ina vumbi nyeusi. Aliyekuita adui wa Mungu alikosea. Kama kuna mwenye kosa, sisi sote tuko ndani yake: anayechoma, anayebeba, anayetoza njiani, anayeuza, na anayenunua. Mhubiri yule mwenyewe, siku ile, alikula chakula kilichoiva juu ya makala.

Lakini mama, kwa kuwa wewe ni mwana wa Mungu na si mtumwa, tunakuomba na jambo moja: jifunze kuuliza makala yako yanatoka wapi. Tangu 2007, wakulima wengi wa pembeni ya Virunga walisaidiwa na shirika WWF, katika kazi inayoitwa EcoMakala, kupanda miti ya kuchoma katika mashamba yao wenyewe. Makala ya miti ya kupandwa yapo. Wanunuzi wengi wanapenda makala ya miti migumu ya pori, sababu yanawaka muda mrefu. Hapo kosa si lako peke yako, ni la mnunuzi anayetaka sufuria yake iive na hataki kujua zaidi.

Na kwa ninyi wote tunasema haya:

Mkulima, kata ulime, usione haya. Lakini acha miti juu ya kilele cha kilima, acha miti kando ya mto na kuzunguka chemchem. Chimba mifereji ya kuzuia maji. Kichwa cha kilima si shamba. Ni kofia ya wanaokaa chini.

Mchoma makala, panda mbele ya kukata, usingoje nyuma. Na ufahamu unachopanda na pahali unapopanda, usije ukakosa kama sisi.

Mama wa nyumba, mbabula yenye udongo ndani inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu. Ni feza yako na ni pori letu.

Wazee wa vijiji, agizo la serikali la 2014 linaruhusu jamii ya pahali kuomba pori lake lenyewe, mpaka hektari 50,000, na kulitunza kwa sheria. Ulizeni, andikeni, musingoje mtu aje na karatasi kulichukua mbele yenu.

Wenye kikao, wa kanisa na wa mji: musikate shauri juu ya pori pasipo kumwita yule atakayebeba hasara. Mwiteni mama anayechota maji. Mwiteni anayekaa chini ya kilima. Na kwa yule ambaye hajazaliwa, wekeni kiti kitupu katikati yenu, mukitazame mbele ya kusema ndiyo.

Na parokia zetu zote: kuanzia sasa, pahali popote tunapojenga nyumba ya Mungu, tuhesabu kwanza miti itakayokatwa, na miti ya kurudisha iwe imeota mbele ya tofali la kwanza kuingia motoni.

Mtu yule wa Yordani alilia, na Elisha akamwuliza kimeanguka wapi. Alipoonyesha pahali, nabii alikata kijiti, akakitupa majini, na chuma kikaelea. Muone, hata muujiza ulihitaji mtu aonyeshe pahali alipopoteza, na ulihitaji kijiti kidogo kilichokatwa. Nasi tuonyeshe pahali tulipopoteza: kilima kile, chemchem ile, mto ule wenye rangi ya kahawa. Tusiufiche. Kisha tunyooshe mkono, kama alivyoambiwa mtu yule, tukiokote chuma, tukirudishe kwa mwenyewe.

Mungu ailinde milima yetu na wanaokaa chini yake. Amina.